Taa za Mwenye Boti

Jumatatu, 3 Machi 2025

Bwana Ndayisaba, mwalimu wetu wa ramani, ametangaza: kila mwanafunzi ajinunulie leseni ya programu ya kuchorea ramani. Bila programu hakuna ramani. Bila ramani hakuna memwari, ile tasnifu ya kumalizia masomo, wala diploma. Nje tumekubaliana wote kwamba chuo ndicho kilipe. Nimechaguliwa kusema mimi, eti Kiswahili changu cha Tanzania, nilikokulia, kimenyooka! Yudita, tunayekaa naye dawati moja, ameahidi kusimama baada yangu. Leo nimekula na watu. Muda mrefu sijala na watu.

Jumatano, 5 Machi

Nimesema. Nimemwambia Bwana Ndayisaba kwamba kule Magara, ziwani anakovua baba, mwenye boti ndiye huleta taa za kuvulia usiku. Mvuvi huja na mikono yake tu. Basi chuo nacho kilete programu.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

«Na samaki nyingi inaendaka kwa nani, Meshaki? Si kwa mwenye boti? Uko tayari chuo kichukue memwari yako?»

Darasa likacheka. Nikageuka kumtafuta Yudita — anatazama viatu vyake.

Alhamisi, 6 Machi

Wenzangu wamechanga, watanunua leseni moja waitumie kwa zamu. Nimesikia kwa watu. Kwenye WhatsApp wamefungua grupu jipya bila mimi. Yudita naye hayumo, hana cha kuchanga. Imeniuma kuliko nilivyodhani. Nimempigia baba, tukaongea habari za ziwa tu.

Jumamosi, 8 Machi

Bwana Ndayisaba ameniita ofisini. Kumbe leseni yake anailipia mwenyewe, kwenye mshahara! Akasema nitumie mashine yake kila Jumamosi mchana. Ila nisimwambie mtu, na kwenye ramani yangu ya msitu wa Kigwena jina lake litangulie langu. Nimekubali upesi, aibu imekuja baadaye. Akaniachia ufunguo, akaenda zake.

Basi niko hapa. Msitu unafunguka kwenye skrini kipande kwa kipande, mzuri mno, na sina wa kumwonyesha.

Mlango unagongwa.

«Meshaki, uko mule? Ni mimi, Yudita. Mulinzi ameniambia uko.» Kisha, kwa sauti ndogo: «Siku ile niliogopa. Na mimi sina programu.»

Nimepunguza mwanga wa skrini. Naandika polepole, kalamu isisikike. Bado amesimama pale.