Ushuru wa Bomba la Maji

Saoudat, hata huko Moroni hamjasikia kituko kama hiki!

Leo afisa wa hawa wanaotaka kisiwa chetu kijitenge kaja kwa Mama Ismahane. Eti nyumba mpya ya harusi ya Ismahane inalipiwa ushuru wa bomba la maji.

Nyumba MPYA! Kwetu nyumba ya binti huanza kujengwa siku anapozaliwa, nani hajui?

Mama Ismahane kamwambia, "Mwanangu ana miaka ishirini na mbili. Upya uko wapi?"

Hana haya yule! "Bila ushuru, hakuna harusi humu." Na bomba? "Litakuja tukishaachana na Moroni."

Kisha, koo limemkauka kwa kufoka, akaomba maji. MAJI, Saoudat!

Mama Ismahane akamletea kikombe kitupu kwenye sahani, kwa adabu zote. "Shika, bwana mkubwa. Bomba likifika, utakunywa."