Msuka madema wa Scarborough

Shikamoo Baba,

Huku Toronto nimekutana na msuka madema mwenzako! Ni Mzee George, Mwingereza, jirani yake Dada hapa Scarborough. Anasema ujanani, kijijini kwao pwani ya Uingereza, wanaume walilima viazi, na baridi ikikaza walijifungia bandani wakisuka madema ya kambakochi kwa fito. Jana kanisukia moja hapa ghorofani! Ila mlango kauweka juu, kama chungu.

Nikamwambia, "Baba huuweka ubavuni."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi samaki wake wote hutoroka!"

Nimekutetea, wapi! Nakuletea ulitege mwenyewe. Ukilipandisha tu, anataka apigiwe simu. Tangu ahamie huku, hakuna dema lake lililogusa bahari.

Mwanao akupendaye,
Salma