Marinda ya Mukonyo Hayakutoka Uturuki

Kwa kumbukumbu ya Teresia Mukonyo Kaleli, fundi wa marinda ya wasichana wadogo mjini Thika, mke, mama na nyanya wa Ngoliba.

Mwaka umetimia, Mwaitu, mama yetu, tangu tulipokurudisha Ngoliba ukiwa umelala, na mvua ya kwanza ikaanza kudondoka kabla hatujamaliza kufukia. Watu walisema ni baraka. Sisi tuliona tu kwamba udongo ulikuwa umelainika, nawe hukupenda kumsumbua mtu, hata mwenye jembe.

Baba amezungushia kaburi lako mawe. Asubuhi akienda kuwatoa mbuzi hupitia hapo kwanza, akakueleza hali ya hewa, kama alivyokuwa akikueleza ukijifunga leso uende kazini.

Miaka thelathini na mmoja ulishona katika kibanda kimoja karibu na soko la Thika. Ulikigawana na Kaveke, ambaye kazi yake ni zipu na matundu ya vifungo. Hukushona suti, hukushona sare za shule, wala nguo za akina mama. Ulishona marinda ya wasichana wadogo, basi. Ukiulizwa kwa nini, ulisema mtu mzima hujificha ndani ya nguo, mtoto hucheza ndani yake.

Kabla ya kupima ulimwuliza mtoto mwenyewe, si mama yake: "Wewe unapenda kukimbia ama kukaa?" Wa kukimbia ulimwekea sketi pana. Wa kukaa ulimtafutia kiuno laini kisichomkata tumbo. Kila rinda lilikuwa na mfuko uliofichwa kwenye mshono wa ubavuni, maana msichana naye ana vitu vyake. Na pindo uliliacha la vidole vinne, umelikunja ndani, ili mtoto akirefuka lifunguliwe. Kuna marinda yako yaliyovuka Krismasi tatu kwa mtoto mmoja, kisha yakamshukia mdogo wake.

Tungeishia hapo. Watu wakiwakumbuka wafu wao magazetini na kanisani husema mazuri, na mazuri yako hayaishi. Lakini Wavinya, kifungua mimba wako, ametuomba tuseme na jambo lingine, tena tuliseme mahali ambapo watu wa Thika na Ruiru watalisoma. Tulibishana. Musembi, mdogo wake, alisema mambo ya nyumbani hubaki nyumbani. Baba akasema, "Hakuyatendea nyumbani. Aliyatendea dukani, mbele ya watu. Yaandikwe."

Wavinya alikulia ndani ya marinda yako, na akiwa na miaka kumi alianza kuyaonea haya. Siku ya kupokea zawadi shuleni, wenzake walikuja na nguo za dukani zenye shanga za kung'aa na majina kifuani. Yeye alivaa lile la bluu ulilolikeshea. Msichana mmoja akamwuliza limenunuliwa wapi. Akajibu, "Shangazi aliniletea kutoka Nairobi." Wewe ulikuwa umesimama hatua tatu nyuma yake na hukusikia, au ndivyo alivyojiambia. Uongo ule haukumwumiza popote, na huo ndio uliokuwa ubaya wake.

Alipokuwa mtu mzima alifungua duka la nguo za watoto Ruiru, lenye kioo mbele na sanamu mbili za watoto dirishani. Desemba moja mzigo wake ulichelewa bandarini na vyuma vya kuning'inizia nguo vikabaki vitupu. Akaja kibandani kwako akakuomba marinda kumi na mawili. Mwaitu, ulifurahi jinsi gani. Ulishona ukiimba, Kaveke akachoka kukusikia. Kanisani uliwaambia akina mama wote, "Marinda yangu yako Ruiru, ndani ya kioo."

Mteja wa kwanza aliligeuzageuza moja, akapitisha kidole juu ya mshono, akauliza, "Hizi ni za wapi? Hizi si za hapa."

Wavinya anasema hakupanga. Ulimi hauna mfupa. "Za Uturuki," akajibu.

Yule mama akanunua mawili, na kesho yake akamleta dada yake. Kabla ya Pasaka Wavinya alikuwa amemtafuta mtu wa kumchapishia lebo ndogo nyeupe zilizoandikwa Istanbul, na alikuwa akizishona mwenyewe shingoni mwa marinda yako, mlango wa nyuma ukiwa umefungwa kwa komeo. Hilo la komeo ndilo linalomtesa zaidi anapolisimulia. Mtu asiyefanya kosa hafungi mlango.

Kwa zaidi ya mwaka mmoja alikuwa akija kuyachukua Thika ili usipate sababu ya kwenda Ruiru. Ulipotaka kulitembelea duka alikuambia kuna ukarabati, kuna vumbi, kifua chako hakitaki vumbi. Siku moja ulimwuliza, "Wateja wako wanasemaje?"

"Wanayapenda sana."

"Wanajua ni mimi ninayeyashona?"

"Wanajua, Mwaitu."

Ukarudi kwenye cherehani yako ukitabasamu. Kaveke aliliona tabasamu hilo. Ndiye aliyetuambia.

Na ni Kaveke aliyekuwepo siku alipokuja Shiko, mama mmoja wa Ngoingwa, na binti yake mdogo. Alikuwa na rinda la njano ndani ya mfuko wa karatasi, akalitoa kwa uangalifu kama mtu anayetoa mayai.

"Fundi, mtoto ameshoot up, nataka uniongezee urefu kidogo," alisema. "Lakini tafadhali, pole pole. Hii ni ya Uturuki. Nimeogopa hata kuileta kwa fundi wa hapa, msije mkaniharibia."

Uliipokea nguo. Uliona lebo. Ulilipindua rinda ukalifungua pindo, ukakuta vidole vyako vinne. Ukaingiza mkono ubavuni ukakuta mfuko. Kaveke anasema ulikaa hivyo, mkono ndani ya mfuko ule mdogo, mpaka akadhani umechomwa na pini.

Shiko akasema, "Unaona vile wameacha kitambaa ndani? Mafundi wetu hawawezi kufikiria kitu kama hiyo."

Ukamjibu, "Aliyelishona ana watoto."

Kisha ukamgeukia binti, ukamwuliza kama anapenda kukimbia ama kukaa. Akasema kukimbia. Ukalishusha pindo, ukalipiga pasi, ukamrudishia mama yake. Hukumwambia kwamba ni kazi yako. Kaveke alipotaka kufungua kinywa ulimkanyaga mguu.

Kesho yake, bila kumwambia yeyote, ulikwenda Ruiru.

Wavinya alikuwa akimhudumia mwanamke mmoja aliyemtafutia bintiye nguo ya kuvaa harusini. Mtoto alikuwa amesimama juu ya kistuli, amevaa rinda lako jeupe. Wavinya akainua macho akakuona mlangoni, na leso yako, na viatu vyako vyenye vumbi la Ngoliba, na kile kikapu. Ulikuwa umesimama kando ya sanamu, nayo imevaa kazi ya mikono yako.

Yule mwanamke akageuka. "Huyu ni nani?"

Wavinya anasema muda ulikuwepo. Hataki tuandike kwamba alishtuliwa au kwamba neno lilimponyoka kama lile la kwanza. Alikutazama, akafikiri, akachagua. "Ni fundi wetu," alisema. "Wa kurekebisha."

Nawe, Mwaitu, ukaweka kikapu chini. "Ndiyo," ukasema. "Mimi ni wa kurekebisha." Ukapiga magoti mbele ya mtoto wa watu, ukaweka pini mdomoni, ukamkazia bega la rinda lililokuwa likimteleza. Ulimwambia mtoto ageuke, akageuka. Ulipomaliza ulishika ukingo wa kaunta ili uinuke, kwa sababu goti lako la kulia lilikuwa limeanza kukataa, na Wavinya hakukupa mkono. Alikuwa akifunga mzigo wa mteja. Anasema alikuwa akiona kila kitu kwa pembe ya jicho.

Mlipobaki wawili ulikaa kwenye kistuli. Alikuwekea chai, ukaishika tu.

"Wavinya, Uturuki ni upande gani?"

"Mwaitu, nisikilize..."

"Nataka kujua tu. Kumbe nimefika huko, na mtu akiniuliza habari za huko sina la kumwambia."

Alianza kulia, ukamngoja amalize kama ulivyokuwa ukimngoja akiwa mdogo. Kisha ukasema, "Nitaendelea kushona. Watoto hawana makosa. Lakini usiniambie tena kwamba wanajua."

Ukaondoka. Chai alikuja kuimwaga jioni, ikiwa imeshika utando.

Uliendelea kushona, na yeye akaendelea kuyachukua. Hilo pia ameomba liandikwe. Alisema angeziondoa lebo baada ya Krismasi, kisha akasema shule zikishafunguliwa. Kila alipokuja ulimfungia marinda ndani ya karatasi, ukamwuliza kama amekula. Hukumtupia neno la kando, na hukumkunjia uso. Anasema laiti ungemkemea angepata cha kushika.

Machi ukaanguka hapo hapo kibandani, presha, upande mmoja ukafa. Hospitalini ulikaa siku tisa. Wavinya alikuwa kando ya kitanda chako kila mchana, na kila mchana alijiambia leo nitamwomba msamaha. Siku ya saba alikuinamia akasema, "Mwaitu, lile jambo la duka..." Ulifungua jicho moja. Mdomo ulikuwa umepinda, maneno yakatoka kwa shida. Ulimwuliza kama amekula. Wauguzi wakaingia kukugeuza, na baada ya hapo hukusema tena neno la kueleweka.

Hatujui kama ulimsamehe. Watu wengi wamemwambia bila shaka ulimsamehe, mama ni mama. Yeye hutikisa kichwa. Anasema msamaha huombwa, na yeye hakuuomba.

Siku mbili baada ya mazishi, mchana, wageni wakiwa wameshaondoka na sufuria za kuazima zikirudishwa, alituketisha akatueleza yote. Musembi alitoka nje akapiga teke ndoo. Baba hakushangaa. "Mimi nilikuwa najua," alisema. "Aliporudi kutoka Ruiru aliniambia. Akaniapisha nisimseme mtoto. Alisema, ukimsema ataona haya kuja nyumbani." Hapo ndipo Wavinya alipolala chini sakafuni, mtu wa miaka thelathini na minane, na hatukuweza kumwinua. Emmaculate, mke wa Musembi, alimfunika leso akakaa naye.

Tangu hapo amekuwa akiwapigia wateja wake mmoja mmoja. Kuna waliomshukuru kwa ukweli. Kuna waliorudisha nguo, ingawa nguo ni ile ile waliyoipenda jana. Mmoja alimwita tapeli kwenye kikundi cha akina mama cha Ruiru, na hakujitetea, kwa sababu aliona ni neno linalomstahili. Duka lilifungwa Agosti.

Kwa Shiko, kule Ngoingwa, alikwenda kwa miguu yake. Shiko alimsikiliza mlangoni, akashika mdomo. "Lakini nilimwambia asiharibu," alisema. "Nilimwambia yeye. Na akaniambia aliyelishona ana watoto." Wakasimama hapo wawili, kila mmoja na haya yake. Binti alichungulia nyuma ya mama yake akauliza yule shosho, yule nyanya wa kibanda, yuko wapi. Shiko ndiye aliyemjibu.

Siku hizi Wavinya anakaa kibandani na Kaveke. Anajifunza. Mikono yake imezoea kaunta, na mishono yake inapinda. Kaveke hamwonei huruma, humwambia, "Fumua," naye hufumua. Hatusemi kwamba amekuwa wewe. Hajawa, na hadai hivyo. Wateja wako wa zamani wengine hupita wakitazama pembeni.

Na sisi wengine, Mwaitu, tusijisafishe kwa aibu ya mmoja. Musembi alimvisha binti yake Beth nguo za mitumba siku ya ubatizo kwa sababu zilikuwa na jina la kigeni, na rinda lako akaliita la kushindia nyumbani. Sote tulikula kazi ya mikono yako, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuitaja mbele ya wageni.

Kwa hiyo tunasema leo, kila mwenye sikio asikie: marinda yale ya dukani Ruiru, ya njano, meupe na ya maua madogo, yalishonwa Thika na Mukonyo wa Ngoliba.

Ibada ya kukukumbuka itakuwa Jumapili hii saa nne asubuhi, kanisani kwetu Ngoliba, na baadaye tutakunywa chai nyumbani. Mtoto yeyote uliyemshonea anakaribishwa.

Wavinya aliomba jina lake liandikwe la mwisho, chini ya yote, au lisiandikwe kabisa. Musembi ndiye aliyekataa, yeye aliyepiga ndoo teke. Alisema Mwaitu alimzaa wa kwanza, na wa kwanza ataandikwa.

Unakumbukwa na mume wako Kaleli. Watoto wako Wavinya na Musembi. Mkaza mwana wako Emmaculate. Mjukuu wako Beth, anayekuita Susu hadi leo. Na mwenzako wa kibandani, Kaveke.

Katika furaha na katika haya, Mwaitu, siku zote utakuwa nasi.