Mguu wa Kulia

Amagoro, Jumapili

Aliona. Hilo ndilo linaniwasha mpaka sasa.

Asubuhi nilikata suruali ya kaki, nikifuata suruali kuukuu ya mume wangu niliyoifumua iwe kipimo. Kesho naanza kazi Malaba, kufunga maturubai juu ya malori, na siwezi kupanda kule na skati huku wanaume wamesimama chini. Mama mkwe alikaa mlangoni akichambua wimbi la uji. Huyu mama ameshonea watu nguo miaka mingi.

Jioni nilipoanza kuunganisha ndipo nikajua. Nilikata mguu wa kushoto mara mbili, sikugeuza kipimo. Na kitambaa kimeisha.

"Mama, uliona nikikosea?"

"Niliona."

"Na ukanyamaza?"

"Mke wa mtoto wangu havai suruali akapanda malori. Nilijua itakushinda tu."

Nilivikunja vile vipande nikaingia ndani, maana ningebaki ningejibu vibaya, na hapa ni kwake. Naogopa kesho. Wale wanaume watacheka, na mume wangu akipigiwa simu na mama yake, sijui atasimama upande gani.

Lakini nimetoa sandukuni ile skati ndefu nyeusi aliyonishonea mama mkwe mwenyewe nilipoolewa hapa. Nimekata mguu wa kulia.

Safari hii niligeuza kipimo kwanza. Yeye alikuwa pale pale mlangoni, akiangalia kila mkato.