Hodi kwa Wenye Ardhi

Jumatatu, 5 Septemba 2022

Nyumba yetu imekamilika! Amerol, afisa wa makazi, amekuja kambini kutuambia. Vyumba viwili, jiko, bomba la ndani. Bomba! Nimecheka peke yangu kama mwehu. Tangu tukimbie vita mjini kwetu Marawi, miaka mitano, tumeishi kwa maji ya lori, mchele wa msaada na samaki wa kopo. Sidharau. Bila wale watu tungekufa, na kila aliyebeba magunia yale namwombea. Lakini foleni zimenichosha.

Jumanne, 6 Septemba

Mama kanitia aibu. Kafika mlangoni, kasimama. Haingii! Akamuuliza Amerol ardhi hii ni ya nani. Amerol akasema imeshanunuliwa, karatasi zote zipo. Mama akasema, "Sijakuuliza nani kanunua. Nimekuuliza ya nani."

Ni ya ukoo wa Bibi Paramata, wenyeji wa hapa, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kwao kupiga hodi. Sisi Wamaranao, watu ambao kwetu hukai kwa mtu bila kuomba! Tumezoea kupangiwa pa kulala mpaka tumesahau desturi yetu.

Nikamjia juu: mbona kwenye hema hukuomba ruhusa? Akasema, "Hema ni la kupita tu, mwanangu. Hapa ndipo nitakapozikwa. Nizikwe kwa watu kama mwizi?"

Amerol akasema, kwa upole lakini akasema: Jumapili jioni nyumba ikiwa bado tupu, inapewa familia nyingine.

Ijumaa, 9 Septemba

Tumekwenda — mimi, Mama na Mjomba Saripada. Mjomba alikuwa na hotuba ndefu ya heshima. Bibi Paramata akamkatiza: "Tingatinga limepita, saruji imekauka, leo ndiyo mnabisha hodi?" Mjomba akaimeza hotuba yote! Mama ndiye aliyejibu: "Waliojenga ni wao, dada. Wa kukaa ni mimi."

Tukaletewa kahawa. Bibi akasema atakuja kujionea mwenyewe. Hakusema lini. Njiani Mjomba akaninong'oneza eti kahawa ilikuwa na sukari nyingi, hiyo ni dalili njema. Nimecheka mpaka machozi. Namshukuru Mungu hata kwa Mjomba huyu.

Jumapili, 11 Septemba

Naandika nimesimama jikoni, kwenye nyumba ambayo Mama hajaingia. Amerol yuko barazani, kila mara anatazama simu. Masikini, na yeye ana wakubwa zake.

Bibi Paramata amefika! Kaja na wapwa zake na kapu la sakurab, vile vitunguu vyetu vya kupondea palapa, kiungo chetu kikali cha chakula, mizizi bado ina udongo. Mama akashukuru, akasema leo leo ataviponda na pilipili. Bibi akamfokea, "Nani kakwambia ule? Panda, mdogo wangu! Mwakani uniletee na mimi."

Mama kalia. Na mimi nimelia. Alhamdulillahi.

Sasa wako nyuma ya nyumba wanabishana. Bibi anataka vipandwe karibu na ukuta, Mama anasema pale pana kivuli. Amerol anauliza kama hii inahesabika kuwa tumehamia. Mama ananiita nilete jembe.

Jembe! Tuna maturubai, ndoo, mablanketi ya kila rangi. Miaka yote hii hakuna aliyetupa jembe, wala sisi hatukuomba. Nakimbia kwa jirani, hata jina lake silijui —