Makonde ya Asiyekuwepo

Matrah, Maskati
12 Machi 1967

Ndugu yangu Thabit,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, watoto wanakua na kelele zinakua nao. Vipi hali yako, na mama hajambo miguu?

Nina habari itakayokuchekesha. Mimi niliyekuwa nikichapwa skuli kwa kuchora pembeni mwa daftari, sasa nalipwa kwa kuchora. Ofisi imenipa kazi ya kutengeneza ramani ya mlima wetu, kule kule walikotoka wazee wetu kabla ya kwenda Unguja. Mvua imekuwa haba, chemchemi imepungua, na falaj, ule mfereji wa kugawa maji ya chemchemi, haifikishi tena maji kwenye makonde yote ya ngazi. Kuta za mawe zinabomoka, udongo unateremka bondeni.

Kwa hiyo napima kila ngazi: kimo chake, mteremko wake, na maji yanafika au hayafiki. Nikimaliza, wazee watakaa na ramani. Makonde yatakayobaki na zamu ya maji nitayatia kijani. Ya kupumzishwa nitayatia kahawia, yapandwe mizeituni mwitu ishike udongo. Makonde yako na yangu yamepakana, unakumbuka ami alivyokuwa akitusimulia. Yangu anayaangalia msimamizi. Yako yamelala.

Nisalimie mama.

Ndugu yako,
Harub

Unguja
3 Mei 1967

Kwa ndugu yangu Harub,

Waalaykum salaam. Tupo, alhamdulillahi. Mama miguu inamsumbua lakini barua yako kanisomesha mpaka sauti imenikauka.

Nnakuomba jambo moja. Desturi ya kule unaijua: yakigawiwa maji, asiyekuwepo husemewa na jamaa yake. Nisemee. Tangu mapinduzi sina changu hapa, hata nyumba tumo kwa hisani ya watu. Nimeanza kuomba ruhusa ya kuingia Omani, na wanataka jamaa athibitishe kwamba nna ardhi yenye maji, nisije kuwa mzigo. Mama anataka akafie mlimani. Ananiuliza kila siku.

Ndugu yako,
Thabit

Unguja
20 Januari 1968

Kwa ndugu yangu Harub,

Assalaam alaykum. Natumai kimya chako ni cha posta tu na si cha maradhi. Vipi shemeji na watoto?

Bado wanangoja uthibitisho wako. Mistari miwili inatosha. Kama nimekukosea, niambie.

Ndugu yako,
Thabit

Matrah, Maskati
9 Novemba 1968

Ndugu yangu Thabit,

Assalaam alaykum. Mimi mzima wa mwili. Nimeona haya hata kukuuliza hali.

Barua zako zote zilifika. Nilikuwa nikikaa kukujibu, nikishaandika salamu naiweka kalamu.

Wazee walikaa na ramani mwezi wa Juni mwaka jana. Maji yalitosha kwa makonde yangu au yako, si ya sote wawili. Wakauliza, "Nani anamsemea Thabit?" Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu. Wakauliza tena, wakiniangalia mimi. Nikainama nachonga penseli. Mzee mmoja akasema, "Basi, asiyekuwepo ameacha." Nikachukua rangi ya kahawia nikayapaka makonde yako kwa mkono wangu.

Nilijiambia kwamba kuta zako zimebomoka zaidi. Uongo. Zilikuwa sawa. Nilijiambia wewe hupo, na mimi je, siko Matrah, siku mbili kutoka huko? Niliwafikiria wanangu, nikakusahau kwa makusudi.

Sasa nithibitishe nini, na ramani inasema huna maji? Nimekwenda kwa wazee kuomba wabadilishe, wanasema mizeituni imeshapandwa. Nimekudhulumu, Thabit. Nisamehe, na mama anisamehe.

Ndugu yako,
Harub

Mlimani
15 Oktoba 1970

Kwa Harub,

Assalaam alaykum. Natumai nyumbani kwako wote wazima.

Nimefika. Mwaka huu aliposhika nchi Sultani mpya na milango ikafunguliwa, haikuhitajika tena kuthibitishiwa na mtu. Mama hakuwahi. Tulimzika Unguja mwaka jana. Barua yako sikumsomea, nilimwambia maji yanafika.

Nilipita Matrah. Nilisimama mlangoni kwako, nikawasikia wanao wanasoma Kurani, wanasoma vizuri. Sikubisha hodi.

Ramani yako wameitundika ukutani kwa mzee. Kazi safi. Mizeituni imeshika, mvua ya juzi haikuteremsha udongo hata kidogo. Nimetembea makonde ya pande zote mbili na nimeona kuwa ungechagua upande wowote, ingefaa vile vile.

Msimamizi wako kazeeka, mgongo haumruhusu kuinama kwenye mfereji. Alikuwa anatafuta mtu, na mimi nilikuwa natafuta kazi. Wazee wameridhia nipewe fungu la mavuno kama desturi ilivyo. Nnafungua maji kwa zamu yako, nnaziba kuta zako.

Makomamanga yamezaa sana. Nijulishe fungu lako nilipeleke wapi.

Mwangalizi wa makonde yako,
Thabit