Doa la Shavu la Kushoto

Jumanne, baada ya magharibi

Nimetia sahihi fomu ya kukubali kukatwa.

Lile doa jeupe ndani ya shavu la kushoto, pale pale ninapoweka majani ya muguka ninayotafuna, sasa lina wiki tatu. Nimelisugua kwa kitambaa, halitoki. Leo daktari wa meno kalimulika kwa tochi, akasema kesho atakata kipande kidogo kama punje ya mchele kikapimwe. Huenda si kitu. Huenda ni mwanzo wa saratani. Fomu niliisoma mara mbili. Ukarani haunitoki hata kwa hofu.

Mama alikuja juu. "Mwanangu, kisu kikigusa, huenea! Mwachie Mungu."

"Mama, kama ni la kuenea, litaenea hata bila kisu."

Sijawahi kumjibu hivyo. Nikaona haya, lakini sikuyarudisha maneno.

Barazani, Athmani, mwenzangu wa kutafuna, alinisukumia fungu lake la muguka. "Bwana karani, shavu la kulia si lipo? Hamia huko!"

Walicheka wote, hata mimi. Kisha nikamrudishia. "Hilo shavu nataka nizeeke nalo."

Naogopa kisu. Majibu nayaogopa zaidi. Lakini saa mbili asubuhi nitakuwa kitini, mdomo wazi, na anayetaka kunizuia anifuate huko huko.